Kidole Gumba na Dola za Kanada

Kabla hamjasoma mstari wa pili, tafuteni sarafu. Najua hamna. Nyinyi mliozaliwa huku mnalipia hata mkate kwa simu, na mkishika noti mnaishika kama mmeokota barua ya mtu. Lakini mwulizeni mama, angalieni chini ya matakia ya kochi, au kwenye mfuko wa koti la baridi la mwaka juzi. Yoyote itafaa. Ishikeni ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, bila kugusa nyuso zake. Hakikisheni mtu au mnyama aliyechorwa amesimama wima. Sasa igeuzeni muone upande wa pili. Msifikiri, geuzeni tu. Basi, kumbukeni mmeigeuza vipi, maana tutarudi hapo.

Mimi ni Hadija, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na sasa bibi wa Hallonbergen, huku kwa Waswidi, ghorofa ya sita. Mliponiomba niandike kuhusu kazi yangu, mmoja wenu alisema, "Bibi alikuwa anafanya kazi na pesa," nikaona macho yenu yanawaka mkidhani benki. Poleni. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika duka la sarafu za wakusanyaji, huko Södermalm, duka la chini ya ardhi, ngazi tano kushuka kutoka barabarani. Dirisha letu lilikuwa juu, usawa wa lami, kwa hiyo mchana kutwa tuliona miguu ya wapitao na si kitu kingine. Buti za theluji, viatu vya wazi, magurudumu ya vigari vya watoto, kisha buti tena. Hadi leo naiota ile miguu. Inapita kimya juu ya kichwa changu, na mezani sarafu zinajigeuza zenyewe polepole, kama watu wanaotafuta ubavu wa kulalia.

Ofisi ya kazi ilinipeleka pale kwa wiki sita za mazoezi, ile wanayoiita praktik, nikiwa bado nasoma Kiswidi na koti langu moja la kuazima. Nilitarajia kufagia. Aliyenipokea ni Ingegerd, mwandishi wa orodha za mnada, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijivu ambalo nadhani alizaliwa nalo. Alinitazama mikono badala ya uso. Akasema kwa Kiswidi cha polepole, kile wanachowasemesha wageni na viziwi, "Onyesha vidole." Nikaonyesha. Akaniambia nikate kucha, ninawe, nikae.

Wiki ya kwanza alinipa trei ya dola za Kanada, sarafu kubwa za fedha za enzi zile, upande mmoja malkia, upande wa pili mtumbwi, karibu sitini. Kazi yenyewe ilionekana ya mtoto. Nizigeuze moja moja, na yoyote ambayo upande wa pili umesimama kichwa chini, niiweke kando. Akaenda kunywa kahawa. Mimi nikaanza. Malkia wima, nageuza, mtumbwi kichwa chini. Weka kando. Malkia wima, nageuza, mtumbwi kichwa chini. Weka kando. Ya tatu vilevile. Ya kumi vilevile. Nikajiona tayari mtu aliyevumbua hazina ndani ya wiki moja, nikaanza hata kupanga nitakavyolisimulia jambo hili kwa ndugu zangu. Ingegerd aliporudi alikuta trei tupu na mlima wa sarafu kando.

"Alla?" aliuliza. Zote?

"Zote," nikasema, kifua mbele.

Hakucheka. Hilo nitamshukuru hadi kaburini. Alivuta kiti, akakaa karibu, akasema, "Nigeuzie moja." Nikageuza. Hakuitazama sarafu hata kidogo, alikitazama kidole changu gumba. "Tena," akasema. Nikageuza tena. Ndipo akauliza, "Ulipokuwa mtoto, ulichezea sarafu gani?"

Sasa angalieni. Sarafu za dunia zina desturi mbili. Kuna zile unazozigeuza kama ukurasa wa kitabu, kutoka sikio hadi sikio, na upande wa pili unakuta uko wima. Dola za Kanada za miaka mingi ziko hivyo. Na kuna zile unazozigeuza kama karatasi ya kalenda ya ukutani, kutoka paji la uso hadi kidevuni. Wabelgiji walichapa pesa zao kwa desturi hii ya pili, na walipotutawala walituletea hiyo hiyo. Mimi nilikulia na faranga ya shaba ya njano yenye simba. Tuliigeuza hivyo tukiwa na miaka mitano, tukiwa njiani kwenda kununua sukari, tukiwa tumeadhibiwa kukaa kibarazani. Kidole changu kilijifunza kabla yangu. Nikaigeuza dola ya Kanada kama faranga ya Buyenzi, na Kanada nzima ikasimama kichwa chini.

Ingegerd alinyanyuka, akavuta droo moja ya chini kabisa, akapekua, akaniwekea kitu kiganjani. Ile ya simba. Sikuwa nimeiona tangu utotoni. Nikaigeuza, paji la uso hadi kidevuni, na kila kitu kikasimama mahali pake. Nililia mbele ya mtu niliyemjua kwa siku nne. Yeye aliinamia lenzi yake akajifanya anasoma mwaka kwenye sarafu nyingine, na nilipomaliza kulia alisema, "Hiyo baki nayo. Sasa zile sitini, mara moja zaidi, kama kitabu." Nikarudia zote. Hakukuwa na hata moja iliyopinduka.

Nataka mjue jinsi sarafu inavyopinduka, maana ni jambo zuri. Kuna mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, na katikati kipande cha madini kisicho na kitu. Mashine inapiga pigo moja, na nyuso zote mbili zinazaliwa pamoja. Mihuri inatakiwa kutazamana sawasawa. Lakini chuma nacho huchoka. Skrubu ikilegea, muhuri mmoja unajizungusha kidogo, na kila pigo linalofuata linazaa sarafu iliyopinda shingo, mpaka mtu aone asimamishe mashine. Au fundi anaukosea muhuri tangu asubuhi, anaufunga juu chini. Ziko chache, zinatoka kiwandani zimechanganyika na nyingine, zinaenda sokoni kununua maziwa, na hakuna anayejua.

Ninayoipenda kuliko zote ni dola ya Kanada ya mwaka 1967, walipotimiza miaka mia ya nchi yao. Ina bata bukini anayeruka, mabawa yamefunguka, shingo imenyooka. Katika baadhi yake muhuri ulijizungusha, kwa hiyo ukiigeuza kama kitabu, yule bata anaelekea chini kama anapiga mbizi. Hajabadilika hata unyoya. Ni yule yule, ila badala ya kusafiri anaanguka. Nilimshika wa kwanza mwaka wangu wa tatu kazini, mchana wa Januari ambao taa zilikuwa zinawaka tangu saa nane, na nilikaa naye kiganjani mpaka kahawa ikapoa. Siku hizi nikitembea Råstasjön, lile ziwa letu dogo, nawaona bata bukini wa Kanada wenyewe, maana walishaletwa huku zamani na sasa wanakula majani kama wana hati ya ukaazi. Mmoja akitumbukiza kichwa majini nasema moyoni, wewe muhuri wako umelegea.

Kuna makosa mengine mengi ya pigo. Ile dola ya mtumbwi, watu wawili wanapiga kasia, ina mistari midogo ya maji mwishoni mwa mtumbwi. Katika miaka fulani muhuri ulisuguliwa mno, mistari ikafutika nusu, na wakusanyaji wanaihesabu mistari ile kama wake wenza wanaohesabu vipande vya nyama. Kuna sarafu iliyokosa herufi kwa sababu grisi ilijaa ndani ya muhuri. Kuna iliyo na maandishi mawili mawili. Hapo msikimbilie kufurahi, maana mara nyingi ni mtikisiko tu wa mashine, ngazi bapa pembeni mwa herufi, na haina maana. Maandishi mawili ya kweli yanatoka kwenye muhuri wenyewe, na yana mviringo kamili kama herufi imejifungua pacha. Taa wekeni ubavuni, si juu. Mwanga wa juu unasawazisha kila kitu kama mtu mnafiki.

Na msisafishe. Nasema hivi kama mwenye dhambi. Mwaka wangu wa kwanza, kwa kutaka kumfurahisha Ingegerd, nilichukua sarafu ya shaba ya Kanada, ya malkia yule wa zamani, imekuwa kahawia kama kahawa, nikaisugua kwa limao na majivu, vile tulivyosugua masinia siku ya sikukuu. Iling'aa mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Ingegerd aliingia, akaiona, akakaa chini bila kuvua kofia. Akasema, "Hadija, umemchuna ngozi." Rangi ile ya kahawia ilikuwa miaka mia ya sarafu kuvuta pumzi. Sikulala vizuri wiki nzima.

Ingegerd alistaafu, akaniachia lenzi yake na kipande cha kadibodi cha mviringo alichokikata mwenyewe, kimechorwa nyuzi zote mia tatu na sitini kwa penseli. Unaweka sarafu katikati, unapanga, unageuza, unasoma muhuri umejizungusha kiasi gani. Vijana walikuja na kompyuta, kamera, mizani inayoongea na simu. Sikuwachukia, kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Lakini watu wakaanza kututumia picha badala ya sarafu, na hapa ndipo kadibodi ile ikawashinda. Kwenye picha kila upande umesimama wima, kwa sababu mpiga picha ameusimamisha. Picha haijui jinsi pande mbili zinavyotazamana. Kwa hilo unahitaji mkono.

Ndiyo sababu nilimwambia Inès aje mwenyewe.

Ilikuwa miezi yangu ya mwisho kazini. Alinitumia picha kwanza, akisema amepewa namba yangu na jirani yake wa mtaa wa Bredäng, kwamba yupo mwanamke wa Burundi anayejua sarafu. Alishuka zile ngazi tano akiwa na kopo jekundu la biskuti za tangawizi, lile la Krismasi ambalo kila nyumba ya hapa inatunzia vifungo na nyuzi. Binti wa miaka ishirini na kitu, anasomea uuguzi, koti jembamba kuliko hali ya hewa.

"Tante, samahani," alisema. "Alltså, yaani, Kiswahili changu ni kibovu."

"Nimeshika vitu vibovu miaka ishirini na sita. Kaa, sema."

Baba yake aliitwa Salvator. Alifariki mwaka uliotangulia. Alikuwa dereva wa basi, mtu mpole, asiyesema sana, aliyekulia Bujumbura, mtaa wa Bwiza, pua na mdomo na kwetu. Mjomba wake wa Montréal alikuwa akimtumia dola za zamani kwa kila msafiri, na nyingine alizinunua mwenyewe kwenye masoko ya vitu vya mitumba. Mahali fulani alisoma kwamba dola za Kanada zilizopinduka zinatafutwa. Akaanza kuzitafuta. Na akazipata. Tena nyingi. Kila aliyoipata aliifunga kwenye karatasi, akaandika juu yake kwa herufi kubwa IMEPINDUKA, akaiweka koponi. Watoto waliambiwa, hapa ndani mna urithi wenu. Mke wake alimwambia aache kuchezea pesa za sabuni. Ndugu waliokuja kutembelea walimwita Tajiri, na yeye alikuwa akicheka nao.

"Jumamosi tunamaliza kilio, mwaka wake umetimia," Inès alisema. "Watu wote wanakuja. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, mimi ndiye nitaongea. Na wataniuliza kopo. Wanajua kuna kopo." Alilisukuma kuelekea kwangu. "Nataka tu kujua, pappa alikuwa na akili au hakuwa?"

Nilijua kabla sijafungua karatasi ya pili. Kulikuwa na sarafu thelathini na tisa. Nilizifungua zote, maana mtu akikuletea kazi ya maisha ya baba yake huachi hata moja. Nilizigeuza kama kitabu. Malkia wima, mtumbwi wima. Malkia wima, bata anaruka zake. Zote zilikuwa sawasawa, zote za kawaida. Na mbele yangu yule mtoto anatazama mikono yangu, na juu dirishani miguu inapita. Nilitamani sana kusema uongo. Mmoja mdogo tu, sarafu moja tu. Nilikuwa mzee, nilikuwa naondoka, nani angeniuliza.

"Hazijapinduka, mwanangu," nikasema.

"Alla?"

Neno lile lile, sauti ile ile. Nilishtuka kama mtu aliyeguswa bega. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa faranga yangu ya simba, nikamwambia, "Ngoja. Usimhukumu kwanza." Nikamwonyesha kalenda, nikamwonyesha kitabu. Nikamsimulia wiki yangu ya kwanza, zile dola sitini, kifua changu mbele. Nikamwambia kwamba baba yake hakuwa mwongo wala hakukosa akili. Macho yake yaliona vizuri kabisa. Kidole chake tu ndicho kilikuwa bado Bwiza.

Alicheka, kisha kile kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa mkono wa koti. "Miaka yote ile," alisema. "Angeuliza mtu hata mmoja." Kisha akatoa funguo zake, na pamoja na funguo mfuko mdogo wa ngozi, na humo sarafu. "Na hii alinipa mimi. Siku naanza shule. Ndiyo pekee hakuiandika kitu, alisema hii haikupinduka. Mama alimgombeza, nilisikia kutoka chumbani. Alisema, mtoto wa kwanza unampa takataka? Yeye alijibu polepole, sikusikia. Lakini nilielewa. Za thamani zipo koponi, mimi nimepewa hii." Alijaribu kutabasamu. "Nimeibeba tu. Kwenye mtihani, kwenye treni. Sijui kwa nini."

Alikuwa akiigeuzageuza wakati anaongea, hata haitazami. Nikaona kidole chake. Kutoka paji la uso hadi kidevuni. Mtoto wa Bredäng, aliyezaliwa katika hospitali ya hapa, ambaye mguu wake haujakanyaga Burundi.

"Nani alikufundisha kugeuza hivyo?"

"Hivyo vipi?"

Nikanyoosha kiganja. Ilikuwa dola ya nikeli ya mwaka 1982, ile ya katiba yao, upande mmoja malkia, upande wa pili kundi la wanaume wamekutana kwenye mkutano. Nikaishika ukingoni. Nikaigeuza kama kitabu.

Wale wanaume wote walikuwa wamesimama kwa vichwa.

Wanangu, nimezoea kutulia. Nilichukua kadibodi ya Ingegerd, nikapima. Nusu mzunguko kamili. Nikaipima uzito. Nikapitisha lenzi ukingoni na ndani ya ukingo nikitafuta mshono, maana wako mafundi wajanja wanaochonga nusu mbili za sarafu na kuziunganisha. Hakukuwa na mshono. Nikaigonga kidogo juu ya nyingine, ikalia sauti moja safi. Fundi wa asubuhi moja huko Kanada aliufunga muhuri juu chini, na hii ikatoka, ikasafiri, ikaangukia mkononi mwa Salvator.

Nilimweleza Inès mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiswidi. Kwa kidole cha Bwiza, dola zote nzuri zilionekana zimepinduka, akazitunza. Moja tu ilikuwa imepinduka kweli, na hiyo, kwa kidole kile kile, ilionekana imesimama sawasawa kama faranga ya nyumbani. Kwa hiyo akaitoa kundini.

Nilidhani atafurahi. Alitazama juu dirishani, miguu inapita.

"Kwa hiyo alinipa kwa bahati mbaya," alisema. "Alinipa kwa sababu alifikiri si kitu."

Niliiweka lenzi chini. Lenzi haionyeshi hilo. Nilimfungia kopo lake, nikamwambia wakusanyaji wataigombania dola ile kama akitaka kuiachia, naye akatikisa kichwa kama hakusikia. Mlangoni akaniomba nije Jumamosi.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, Bredäng, mwendo mfupi kutoka kituoni. Wali, ndizi na maharage, ndagala, wale dagaa wa kwetu, walioletwa na msafiri, Fanta kwa watoto, na watoto wenyewe wanakimbizana kwa Kiswidi chini ya meza. Mimi nilikaa na wazee. Padri aliomba, ndugu wawili waliongea, kisha Inès akasimama na lile kopo jekundu, na nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Tajiri huyo," watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Kiswahili changu mnakijua," alianza. "Baba alikosea sarafu thelathini na tisa. Nimeuliza mtu wa kazi hiyo, yupo hapa. Zote ni za kawaida." Akaliweka kopo mezani. "Alizigeuza vile mnavyogeuza nyinyi. Na moja ambayo ni ya kweli, aliona ni ya kawaida, akanipa mimi. Sijui niseme nini zaidi. Basi muione."

Akampa aliyekuwa karibu, na ile dola ikaanza kutembea mkono kwa mkono. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Wazee waliigeuza kutoka paji la uso hadi kidevuni, wote, bila kuambiwa, wakasema mbona iko sawa. Watoto wakaigeuza kama kitabu, wakapiga kelele za kicheko kuona wale wababa wamesimama kwa vichwa. "Iko sawa," "Nej, den är upp och ner," hapana, iko kichwa chini, wazee na wajukuu wanabishana juu ya kitu kimoja na kila mmoja anakiona kwa macho yake. Ikafika kwa mama yake Inès, mwanamke mnene mwenye kitenge cheusi.

Aliishika. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akamtazama binti yake.

"Nani alikwambia aliiona si kitu?"

"Mama, nilikusikia. Ulisema takataka."

"Mimi ndiye niliyesema. Yeye hukumsikia, sauti yake ndogo." Aliipandisha juu kidogo, ili watu waione, au ili yeye mwenyewe asilie. "Nilimwambia, Salva, kwenye kopo zimejaa, mtoto anaanza shule, si umpe hata moja ya zile? Akaniambia, zile zote zina kasoro, zile ni za kuuza. Miaka yote natafuta, akasema, nimepata moja tu iliyo nzima. Siwezi kumpa mwanangu kitu chenye kasoro."

Hakuna aliyecheka. Hata wale watoto chini ya meza walinyamaza, sijui kwa nini, labda waliona miguu yetu imetulia. Mama alinyoosha mkono, na Inès akaja akaipokea dola yake. Aliishika ukingoni, akaigeuza kwa kidole gumba, kutoka paji la uso hadi kidevuni, na wale wanaume wote wakasimama wima.